Bunduki ya Pili Huchaguliwa kwa Risasi Zake

Mtu aliyekwisha kumiliki bastola moja kwa leseni, akaizoea, akashiriki mashindano mawili matatu pale Kirigiti, Kiambu, kisha akarudi Nakuru usiku nguo zikinuka baruti, hafiki mbali kabla ya kuanza kuuliza: nikiongeza ya pili, iwe ipi? Majibu humjia kwa wingi, na karibu yote huwa majina ya viwanda. Huyu atamwambia CZ, yule atamwambia Beretta, na wa tatu ataapa kwamba asiye na Browning hajawahi kushika bunduki. Makala haya yanaanzia upande wa pili. Bunduki ya burudani, kwa maoni yangu, inafaa ichaguliwe kwa kutazama kwanza risasi itakayotoka mtutuni: inapatikana wapi, mtu anaweza kuifyatua mara ngapi kwa mwaka bila kuisumbua bajeti ya nyumba, itatumika katika mchezo gani, na ikikosa shabaha itaangukia wapi. Maswali hayo manne yakijibiwa, jina la kiwanda hubaki kuwa jambo dogo kuliko watu wanavyodhani.

Kushika mpangilio huu kuna sababu ya kihistoria. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungulia mlango uwindaji wa starehe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri unaoandikwa Marekani au Afrika Kusini haimfai mkazi wa Bonde la Ufa, kwa sababu waandishi wake wanadhani msomaji atakwenda porini kumtafuta swala au nyati, ilhali sisi huku tunakwenda kupasua sahani za udongo, kutoboa karatasi na kuangusha vibao vya chuma. Hata hivyo historia ya walowezi haijatutoka kabisa. Namfahamu mzee mmoja wa upande wa Njoro ambaye kwa miaka mingi alitamani raifo ya .375 Holland & Holland, risasi iliyobuniwa London mwaka 1912 kwa ajili ya wanyama wakubwa, kwa sababu tu aliiona akiwa kijana mikononi mwa mwajiri wa baba yake. Risasi hiyo ina uzito wa gramu 19 hivi na hutoka na nguvu ya takriban jouli 5,700, yaani mara arobaini hivi ya nguvu ya risasi ya kawaida ya .22 (nambari hizi hutaja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi). Nilimuuliza angeipiga nini. Alicheka, akasema angeiweka ukutani. Tamaa ya namna hiyo naielewa vizuri, lakini si sababu ambayo mtu anaweza kuipeleka mbele ya maofisa wa leseni.

Na hapo ndipo sheria inapoingia. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna raia anayeruhusiwa kununua au kushika bunduki au risasi bila cheti, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba cheti hakimpi mtu ruhusa ya jumla ya kumiliki silaha: hutaja silaha yenyewe, hutaja aina ya risasi, na huweka kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaweza kununua na kukaa nacho kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba bunduki ya pili ni ombi jipya lenye sababu yake, nayo Bodi ya Leseni za Silaha haina wajibu wa kukubali eti kwa kuwa ilikubali ile ya kwanza. Mtu anayesema anataka kuanza kupiga sahani za udongo, akaonyesha uanachama wa klabu na kumbukumbu za mashindano aliyoshiriki, ana hoja. Anayesema anapenda bunduki nzuri anawapa maofisa kazi ya kumtafutia hoja ambayo yeye mwenyewe hana. Silaha za kivita hazimo katika mjadala huu hata kidogo. Sheria yenyewe inazitaja AK-47, G3 na MP5 pamoja na zinazofanana nazo, na adhabu ya kukutwa nazo bila idhini si ya mzaha.

Tuje sasa kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo uamuzi mwingi huharibika. Tuseme mtu anataka kujifunza trap, mchezo wa kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani, ambao raundi moja ina sahani 25. Akienda uwanjani mara mbili kwa mwezi na kupiga raundi nne kila anapokwenda, atatumia risasi 200 kwa mwezi, na 2,400 kwa mwaka, akijiwekea mpaka wa risasi moja kwa kila sahani. Ikiwa kila risasi ina gramu 24 za marisau, yaani vile vidonge vidogo vinavyotoka pamoja mtutuni, kipimo kinachotumika katika mashindano ya Olimpiki, basi kwa mwaka mmoja atakuwa amerusha zaidi ya kilo 57 za marisau hayo hewani. Hesabu kama hiyo inafaa ifanywe kwenye karatasi kabla ya kuingia dukani, kwa sababu bei ya bunduki hulipwa mara moja lakini bei ya risasi hulipwa maisha yote. Bunduki ghali yenye risasi nafuu itakuwa rahisi kuliko bunduki rahisi yenye risasi ghali kabla ya mwaka wa tatu kuisha, na bunduki isiyopigwa kwa sababu risasi zake ni ghali huishia kuwa pambo linalodai kuhuishiwa cheti kila mwaka.

Kwa hesabu hiyo, .22 ndiyo inayosimama mbele. Risasi ya .22 ndefu, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, ina uzito wa takriban gramu 2.6, haipigi teke la kumfanya mtu afumbe macho, na sauti yake ni ndogo kuliko ya nyingine zote tutakazozitaja. Aina yake ya mwendo wa kawaida hutoka ikiwa chini kidogo ya kasi ya sauti, na wapigaji huipenda kwa sababu risasi inayovuka mpaka wa sauti ikiwa njiani huyumba kidogo inaporudi chini ya mpaka huo. Watu huidharau wakisema ni bunduki ya watoto. Wanaodharau hivyo hawajawahi kupewa karatasi ya Olimpiki ya mita 50, ambayo duara lake la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, wakaambiwa walilenge wakiwa wamesimama. Kosa ambalo kishindo cha bastola ya milimita tisa hulificha, iwe ni kuvuta kifyatulio kwa pupa, kushusha pumzi wakati usiofaa au kuinua kichwa upesi mno, raifo ya .22 huliandika wazi kwenye karatasi. Ndiyo maana, kwa mtu ambaye bunduki yake ya kwanza ni bastola, mimi huanza kwa kumshauri raifo ya .22 ya kukokota kwa mkono, kama zile za mfululizo wa CZ 457, kabla ya ile inayojipakia yenyewe kama Ruger 10/22 iliyotolewa mwaka 1964. Ile inayojipakia ni tamu, lakini utamu wake humaliza pakiti ya risasi 50 kabla mtu hajajua amejifunza nini.

Raifo ya .22 ina tabia zake mbili ambazo mnunuzi azijue. Kwanza, kila mtutu wa .22 hujichagulia chapa yake ya risasi, na hakuna anayeweza kutabiri ni ipi. Mwenye bunduki hulazimika kujaribu chapa kadhaa, kumi kumi kwenye karatasi ya mita 50, kisha kushika ile iliyokusanya matundu yake pamoja. Kwa kuwa cheti huweka kikomo cha risasi, jaribio hilo hufaa lipangwe pamoja na rafiki wa klabu au na muuzaji mwenye uwanja. Pili, risasi hii hulipuliwa kwa kupigwa ukingoni mwa kitako cha ganda, si katikati. Bunduki nyingi za aina hii zikifyatuliwa tupu, pini hugonga ukingo wa chemba yenyewe, na baada ya muda huacha alama inayokwamisha maganda. Aliyezoea kufanya mazoezi ya bastola tupu sebuleni asihamishe mazoea hayo bila kusoma kijitabu cha kiwanda.

Bunduki ya marisau, ambayo Wakenya wengi huiita shotigani, ni njia nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayowadanganya wanunuzi zaidi. Nambari 12 inayotajwa kwa bunduki hizi si kipimo cha milimita. Ni hesabu ya zamani ya madonge ya plumbi, madini mazito yanayotengenezewa risasi: ukichukua ratili moja ya plumbi, ukaigawa katika madonge 12 yaliyo sawa, kila donge litatosha barabara ndani ya mtutu wa nambari 12, ambao kwa vipimo vya leo ni milimita 18.5. Ndiyo maana nambari 20 ni nyembamba, takriban milimita 15.6, ingawa nambari yake ni kubwa. Mchezo wa sahani hutumia zaidi nambari 12, na hiyo peke yake inatosha kumaliza mjadala kwa mtu anayeanza, kwani risasi zake ndizo atakazozikuta kwa wenzake siku akiishiwa.

Yanayobaki ni umbo. Bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ndiyo inayopendwa katika sahani, na anayelenga trap huchukua mitutu ya sentimita 76 hivi ilhali wa skeet huridhika na 71, kwa sababu sahani za trap huenda mbali zikimkimbia mpigaji na zile za skeet hupita karibu zikikata mbele yake. Mdomo wa mtutu huwa na kibano ambacho wapigaji hukiita choki. Kikibana sana, marisau huenda mbali yakiwa yameshikana, na kikiwa wazi, hutawanyika mapema. Bunduki yenye choki za kubadilisha humwezesha mtu mmoja kucheza michezo yote miwili. Iliyo nusu otomatiki, inayotumia gesi ya baruti kujipakia, hupunguza teke begani, jambo ambalo bega la mtu wa miaka hamsini hulishukuru baada ya raundi ya tatu.

Lakini lililo kuu kuliko hayo yote ni kitako. Raifo hulengwa kwa darubini au vilengeo. Bunduki ya marisau hulengwa kwa jicho lenyewe, kwa kuwa jicho la mpigaji ndilo kilengeo cha nyuma. Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono, au sehemu ya kuegemeza shavu ikiwa chini mno, jicho hukaa mahali pasipofaa na bunduki hupiga mahali pengine, hata kama mpigaji ana macho ya mwewe. Yangu ya kwanza niliinunua kwa kuvutiwa na nakshi zake za bata na majani, muuzaji akanihakikishia kwamba inanikaa kama suti. Kwa miezi minne nilipiga chini ya kila sahani, nikajilaumu, nikabadilisha risasi, nikabadilisha miwani, hadi mwalimu mmoja aliponiambia nifumbe macho, niipandishe begani kama kawaida, kisha nifumbue. Nilipofumbua niliona mgongo wa chuma tu, sikuona mtutu. Fundi aliongeza kipande cha mbao pale pa kuegemeza shavu, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko pakiti kadhaa za risasi nilizokwisha kuzitupa. Jaribio hilo la kufumba macho linaweza kufanywa dukani, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, nalo halimgharimu mtu chochote. Pamoja nalo, mnunuzi ajue jicho lake tawala: anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kati ya viganja, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo tawala, na likiwa la kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, ni heri alijue kabla ya kuchagua kitako kilichopindwa kwa ajili ya watu wa kulia.

Bastola ya pili ya milimita tisa nitaizungumzia kwa ufupi, kwa sababu ndiyo inayoombwa na wengi na ndiyo inayoongeza ujuzi mchache. Faida yake ni kwamba risasi ni ile ile, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902 na inayopatikana kila penye duka la silaha. Hatari yake ni kununua kwa kufuata wapigaji wa mchezo mwingine. CZ Shadow 2, kwa mfano, hupendwa sana katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha lililoanzishwa mwaka 1976, kwa sababu uzito wake wa takriban kilo 1.3 humeza teke na kuituliza mikononi. Ila uzito huo huo humzuia mwenyewe katika madaraja makuu ya bastola za kawaida ya IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujihami, ambayo hayakubali bastola inayozidi aunsi 43 pamoja na magazini tupu, yaani kama gramu 1,220. Mtu wa Nakuru anayekwenda hasa mashindano ya IDPA atakuwa amenunua bastola nzuri sana ya mchezo asioucheza. Ikiwa nia yake ni mazoezi, afikirie bastola ya .22 yenye umbo la ile aliyo nayo. Glock 44, kwa mfano, ina ukubwa wa Glock 19, kwa hiyo mkono haujifunzi upya.

Raifo kubwa za kukokota, kama za .308, zina mvuto wake, na mtu mwenye uwanja wa mita 300 na marafiki wanaopiga kwa umbali huo ana haki ya kuzitamani. Asiye na uwanja wa aina hiyo karibu atabaki akipiga mita mia moja kwa risasi iliyotengenezwa kwa mita mia nane, na kila pakiti itamkumbusha.

Jambo la mahali zitakapoangukia risasi halijadiliwi vya kutosha huku kwetu. Risasi ya .22, kwa udogo wake wote, ikirushwa juu kwa pembe huweza kwenda kilomita moja na nusu. Ya milimita tisa huenda mbali zaidi kidogo, na ya .308 huweza kuvuka kilomita nne. Marisau ya sahani, yenye kipenyo cha milimita mbili na nusu hivi, huishiwa nguvu na kuanguka kabla ya mita 250. Anayefahamu jinsi mashamba ya Bahati, Rongai na Njoro yalivyogawanywa ekari moja moja, na jinsi watoto wanavyokatisha vichochoro vya mahindi wakitoka shule, ataona mara moja kwa nini hakuna shamba la mtu binafsi linalofaa kuwa uwanja wa raifo kwa sababu tu lina kilima upande mmoja. Bunduki ichaguliwe pamoja na uwanja wake ulioidhinishwa. Kwa wakazi wa Kisumu swali hili lina uzito zaidi, kwani safari ya kwenda kwenye viwanja vya karibu na Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kwa upande mmoja, na bunduki ya mchezo unaohitaji kwenda kila wiki haitapata haki yake. Nikiwa hapo hapo kwenye marisau, nitaongeza kwamba plumbi ni sumu kwa ndege wanaookota vijiwe majini, na kwamba mtu anayeishi kando ya Ziwa Nakuru, ardhioevu ya kwanza ya Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, hana udhuru wa kuyarusha karibu na maji.

Hali ya hewa nayo ina neno lake, ingawa dogo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Kwa mita 50 tofauti hiyo haionekani, lakini raifo ya masafa iliyorekebishwa Pwani itapiga juu ikifika huku. Kisumu tatizo ni unyevu wa ziwa. Chuma kilichotiwa rangi ya buluu kwa mtindo wa zamani hushika kutu pale jasho la mkono lilipokauka, na kitako cha mbao kisichopakwa mafuta huvimba na kusukuma mtutu, hadi bunduki iliyokuwa ikipiga katikati mwezi wa pili ipige kando mwezi wa tano. Kwa mnunuzi wa huko, chuma kisichoshika kutu na kitako cha plastiki ngumu si ukosefu wa ladha.

Limebaki jambo la sefu, ambalo mtu hulikumbuka akiwa amekwisha kulipa. Kwanza asilipe bei yote kabla ya idhini kuandikwa, maana ombi likikataliwa chuma hubaki kwa muuzaji na mazungumzo ya kurudishiwa fedha huwa marefu. Idhini ikija, achukue futi ya fundi seremala na apime sefu aliyo nayo kwa ndani. Sefu ya bastola haiwezi kumeza raifo ya .22 yenye urefu wa mita moja hivi, na raifo haivunjiki katikati. Bunduki ya mitutu miwili huachana vipande viwili bila kutumia zana yoyote, na kipande kirefu zaidi ni mitutu yenyewe, kwa hiyo sefu yenye kina cha sentimita 80 huipokea. Wapo niliowaona wakichagua kati ya bunduki mbili walizozipenda sawasawa kwa kipimo hicho tu, futi ikiwa mkononi na mlango wa sefu ukiwa wazi, na hawakujuta.